Wabozo na Deni la Paja

Sogeeni, wajukuu zangu, leo tunakwenda Mali. Huko unapita Mto Niger, wenye urefu wa kilomita 4,180 hivi. Mvua hunyesha mbali, kwenye milima ya Guinea. Maji hushuka taratibu, na yakifika katikati ya Mali hukuta nchi tambarare, yakatapakaa. Mbuga huwa ziwa, kijiji kikawa kisiwa. Hapo ndipo kwao Wabozo.

Ni wavuvi tangu enzi za mababu, na majirani huwaita mabwana wa maji. Maji yakijaa, samaki huingia majanini kuzaa. Yakipwa, samaki hurudi mtoni, na Wabozo wako tayari na nyavu. Familia hupakia mtumbwini vyungu, mikeka na watoto, ikawafuata samaki. Wanaovuliwa huanikwa wakawa ng'onda, au hukaushwa kwa moshi, kisha hao, soko la mji wa Mopti.

Lakini maji hayo hayawapi samaki tu, huwapa na udongo wa kujengea. Msikiti Mkuu wa mji wa Djenné, uliojengwa upya mwaka 1907, ni wa udongo, na waashi wake wengi ni Wabozo. Kila mwaka hukandikwa. Tope huchanganywa na pumba za mpunga, likaachwa siku nyingi lichache mpaka linuke. Likinuka hivyo ndipo linashika! Na wanaolikanyaga likalainika ni watoto kama ninyi, wamejipaka mpaka masikioni.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kisa hiki ndicho nikipendacho. Juu ya majabali ya Bandiagara wanaishi Wadogon, wakulima wa mtama na vitunguu. Wanasimulia kwamba zamani, wakati wa njaa, mtoto wa Kidogon alikuwa anakata roho mikononi mwa Mbozo. Samaki hakuna, nafaka hakuna. Mbozo akajitenga kando, akachukua kisu, akakata nyama ya paja lake mwenyewe, akaichoma, akamlisha. Mtoto akapona.

Tangu hapo Mdogon na Mbozo hawaoani, wala hawamwagiani damu, kwa kuwa damu yao ni moja. Wao ni watani. Pakizuka ugomvi, mtani huitwa kupatanisha. Na wakikutana sokoni, huyu na vitunguu, yule na samaki, hutukanana matusi ambayo mwingine yeyote angepigwa kwayo. Mdogon hakasiriki. Atakasirikaje, na babu yake alikula paja?