Majimbo ya Marekani na Kaunti Zetu: Ukubwa Si Ardhi Peke Yake

Watu wengi hulitaja jina la Marekani kana kwamba ni nchi yenye sheria moja na kodi moja tangu pwani ya mashariki hata pwani ya magharibi. Kwa kweli nchi hiyo ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, baraza lake la kutunga sheria, mahakama zake na kodi zake. Kenya nayo, tangu mwezi wa Machi 2013, imekuwa na kaunti 47, kila moja na gavana wake na baraza lake. Kwa hiyo si ajabu kuwasikia watu wakisema kwamba kaunti ni jimbo la Marekani lililopunguzwa.

Je, ni kweli? Swali hili lafaa kuulizwa hasa na wenyeji wa Garissa, Wajir na Mandera, na zaidi na mtu akaaye Kutulo, mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Wajir kwenda Elwak na Mandera, karibu na mahali kaunti mbili zinapopakana. Kwake yeye, habari za mipaka, hesabu na uwezo wa serikali si mambo ya kitabuni tu.

Ardhi na Watu

Tuanze na ardhi. Jimbo kubwa kupita yote ni Alaska, lenye kilomita za mraba kama 1,720,000, yaani karibu mara tatu ya Kenya nzima. Texas pia, lenye kama 695,000, linaipita Kenya, ambayo ina kama 580,000. Lakini jimbo la Rhode Island halizidi sana kilomita 4,000, hata maji yake yakihesabiwa. Kaunti ya Garissa, yenye kama 44,000, ingeweza kulimeza mara kumi. Mandera, yenye karibu 26,000, ni kubwa kidogo kuliko jimbo la Vermont. Na Wajir, yenye kama 56,000, inapungua kidogo tu kwa West Virginia. Kaunti zote tatu zikiwekwa pamoja zina eneo kubwa kuliko jimbo la Pennsylvania.

Sasa tuwatazame watu. Hesabu ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba Pennsylvania ina watu milioni 13, lakini kaunti zetu tatu, kwa hesabu ya mwaka 2019, zilikuwa na watu 2,490,073 tu. Msomaji aweza kudhani kwamba sisi ni wachache kuliko watu wa kila jimbo la huko, lakini sivyo. Jimbo la Wyoming, lenye eneo kama mara mbili ya kaunti zetu tatu, lilikuwa na watu 576,851. Mandera peke yake ilihesabiwa kuwa na 867,457, na Garissa 841,353. Wajir, yenye 781,263, iliipita North Dakota, yenye 779,094, kwa watu elfu mbili na kitu. Na kila moja ya kaunti hizo tatu iliizidi Alaska, ambayo licha ya ukubwa wake wa ajabu ilikuwa na watu 733,391.

Basi mtu asiseme kwamba kaunti zetu ni jangwa tupu lisilo na watu. Yako majimbo ya Marekani yenye bendera, mahakama na chuo kikuu, ambayo watu wake ni wachache kuliko watu wa Mandera.

Mdogo na Mkubwa Kukaa Sawa

Waasisi wa Marekani walipokutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika katiba, majimbo madogo yaliogopa kumezwa na makubwa. Wakapatana hivi: katika nyumba moja ya Bunge viti vigawanywe kwa hesabu ya watu, na katika ya pili, yaani Seneti, kila jimbo lipate viti viwili, liwe kubwa au dogo. Hata leo Wyoming hupeleka maseneta wawili, na California, yenye watu zaidi ya milioni 39, hupeleka wawili vilevile.

Katiba ya Kenya iliyoanza kazi tarehe 27 Agosti 2010 imefuata njia iliyo karibu na hiyo. Kila kaunti huchagua seneta mmoja, na Seneti inapopiga kura juu ya mambo ya kaunti, kila kaunti ina kura moja. Lamu, iliyohesabiwa watu 143,920 mwaka 2019, husimama sawa na Nairobi yenye 4,397,073.

Uwezo Usiolingana

Hapa ndipo ulinganifu unapokoma. Majimbo 13 ya kwanza ya Marekani yaliutangulia muungano wenyewe. Yalitangaza uhuru mwaka 1776, kisha yakakubali kuipa serikali ya muungano sehemu ya mamlaka yao na kubaki na yaliyosalia. Kaunti zetu, kinyume chake, ziliumbwa na katiba, nazo hazina ila uwezo zilioandikiwa humo.

Matokeo yake ni makubwa. Texas haitozi kodi ya jimbo juu ya mshahara wa mtu, lakini California hutoza. Oregon haina kodi ya jimbo juu ya bidhaa zinunuliwazo dukani. Texas huwaua kwa sindano wauaji waliohukumiwa kifo; Michigan ilitunga sheria ya kuondoa adhabu ya kifo kwa mauaji tangu mwaka 1846. Nebraska, tofauti na majimbo mengine yote, ina baraza lenye nyumba moja tu.

Kaunti ya Kenya haiwezi kufanya mambo kama hayo. Askari polisi, hakimu na mwalimu wa shule ya msingi ni watu wa serikali ya taifa. Kazi za kaunti ni zahanati na hospitali zake, shule za watoto wadogo, maji, mifugo na kilimo, na barabara zake. Kwa hiyo mzazi wa Kutulo akikosa mwalimu wa darasa la nne, kumlaumu gavana hakutamletea mwalimu. Lakini zahanati ikikosa dawa, au kisima kikiharibika, mlango wa kubisha ni wa kaunti. Ajuaye tofauti hiyo hapotezi siku zake kwa kuandika barua kwa mtu asiyehusika.

Faida ya Kuhesabiwa

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na watu ni vivyo hivyo. Marekani imewahesabu watu wake kila baada ya miaka kumi tangu mwaka 1790, na kwa hesabu hiyo viti 435 vya nyumba ile ya kwanza ya Bunge hugawanywa upya. Baada ya hesabu ya mwaka 2020, jimbo la New York lilipoteza kiti kimoja kwa upungufu wa watu 89 tu. Jimbo lina watu zaidi ya milioni 20, na watu 89, ambao wangeweza kujaa katika mabasi mawili, walilikosesha mbunge.

Kwetu mambo hayapungui uzito. Katika kanuni ya kwanza ya kuzigawia kaunti fedha, iliyoanza mwaka 2013, sehemu 45 kwa kila mia zilifuata hesabu ya watu, na sehemu 8 tu zilifuata ukubwa wa ardhi. Lakini hesabu za upande wetu zimekuwa na matata. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kuzifuta hesabu za mwaka 2009 za wilaya nane, na tano kati yake zilikuwa Lagdera, Wajir Mashariki, na Mandera ya Kati, Mashariki na Magharibi. Hesabu za mwaka 2019 nazo zilipelekwa mahakamani. Jamaa afichaye watu wake huzipunguza dawa za watoto wake mwenyewe. Naye aongezaye majina yasiyo na watu huwafanya wote waonekane waongo, hata wale waliosema kweli.

Mpaka Katikati ya Mji

Katika hesabu ya mwaka 2019 Kutulo iliandikwa kuwa kaunti ndogo ya Mandera. Hata hivyo mpaka wa Mandera na Wajir katika pande hizo umebishaniwa kwa muda mrefu, na ubishi haukukomea katika maneno. Mwaka 2014 mapigano ya watu wa kaunti hizo mbili yaliua wengi na kuwahamisha maelfu kutoka makwao.

Marekani nayo imeyaonja hayo. Mwaka 1835 Ohio na Michigan ziligombea ukanda wa nchi wenye mji wa Toledo, hata kila upande ukatoa wanamgambo wenye silaha. Bunge likaamua: Ohio ipewe Toledo, na Michigan ipewe nchi ya misitu iliyo mbali kaskazini. Watu wa Michigan walinung'unika sana, wakiona wamepewa pori. Baadaye kidogo shaba na chuma vikapatikana katika pori hilo.

Tena uko mji wa Bristol, ambao barabara yake kuu ndiyo mpaka wenyewe. Upande mmoja ni Virginia, upande wa pili ni Tennessee. Majimbo hayo yalishtakiana, na Mahakama ya Juu ikakata shauri mwaka 1893. Leo kila upande una meya wake, polisi wake na shule zake, na watu huvuka barabara kwenda kununua mkate bila kuulizwa neno.

Katiba ya Kenya pia imeweka njia, katika kifungu cha 188. Mpaka wa kaunti hauwezi kubadilishwa ila kwa shauri la tume huru iliyowekwa na Bunge kwa kazi hiyo, kisha theluthi mbili ya wabunge wote wakubali, na katika Seneti theluthi mbili ya kaunti zikubali. Tume hiyo hutakiwa kutazama pia historia na desturi za watu, gharama za utawala, na maoni ya jamii zenyewe. Hapana gavana, mbunge wala mzee wa ukoo awezaye kulisogeza jiwe la mpaka kwa amri yake, wala bunduki haimo katika kifungu hicho.

Ngamia hatambui mpaka wa kaunti; hufuata malisho na maji. Mchungaji aliyetoka Tarbaj na mwenziwe aliyetoka Elwak watakutana kisimani hata ramani ikichorwa upya mara kumi. Mpaka uliokatwa kwa sheria utamwambia kila mmoja wao zahanati yake hulipiwa na nani na kura yake huhesabiwa wapi, lakini hauna sababu ya kumnyima mwenziwe maji.