Ndege inavyoona machimbo ya kale ya chuma

Ndege iliyo angani inawezaje kuona shimo la kale lililofunikwa na msitu? Tuchukue mfano wa Forest of Dean, Uingereza, ambako chuma kilichimbwa tangu enzi za Warumi.

Mwaka 2006 ndege ilipita juu ya msitu huo ikimulika miale ya leza. Miale mingi hugonga majani, lakini michache hupenya hadi ardhini. Kompyuta hupima muda ambao kila mwale umechukua kurudi, kisha huondoa miti kwenye picha. Inabaki sura ya ardhi tupu.

Hapo wataalamu hutafuta vishimo vilivyozungukwa na tuta la kifusi, vilivyojipanga kufuata mwamba wenye chuma. Duara bapa huenda ni mahali palipochomwa mkaa tu. Kwa hiyo lazima waende kwa miguu kuhakikisha, wakitafuta mavi ya chuma.

Hapa kwetu Ufipa, wazee waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuri marefu ya udongo. Jembe likikutana na mavi ya chuma shambani, tusiyatupe. Tuache mahali hapo palivyo, tumwarifu afisa utamaduni wa wilaya. Tuta likishasawazishwa, hata ndege haitaliona.