Njuga Miguuni, Pembe Mikononi

Watoto wa Kicukiro, intore, wale wachezaji wetu wa ngoma ya kivita, mmewaona mara nyingi. Wanacheza kwenye arusi za Gikondo, Kanombe na Niboye, ila nyinyi huwa mnawapita mbio mkielekea kwenye soda. Safari ijayo simameni, muwatazame kuanzia miguuni.

Kwenye vifundo vya miguu wamefunga njuga, nasi kwa Kinyarwanda tunaziita amayugi. Zinapendeza, ni kweli, lakini kazi yake ni ukali. Vijana ishirini wakikanyaga pamoja, husikika mlio mmoja. Mmoja akichelewa kidogo tu, njuga zake zinamsema mbele ya wakwe.

Zamani za wafalme, vijana waliochaguliwa walipelekwa barazani kwa mwami kulelewa katika itorero. Huko walijifunza kurusha mkuki, kukinga kwa ngao na kusema mbele za watu. Kila mmoja alijitungia majigambo yake, akasimama akayatamka bila kutetemeka. Walijifunza pia kuruka juu. Mwaka 1907 Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mwana wa ukoo wa kitawala wa Kijerumani, alipita nchini kwetu, na safari hiyo ikaacha picha ya kijana akiruka ufito huku wanaume wawili wamesimama wima chini yake. Ilimsaidia kukanyaga kijiwe kidogo kabla ya kupaa, lakini jaribuni nyinyi na kijiwe chenu muone.

Kwa hiyo mkimwona intore anatikisa umugara, zile nywele ndefu nyeupe za mkonge kichwani, jueni anapigana. Adui haonekani, lakini yupo: mchezaji anamsogelea, anamkwepa, anamdharau kwa macho. Ndiyo maana uso wake unajivuna hivyo. Mimi simpendi intore anayetabasamu tangu mwanzo hadi mwisho kama anayepigwa picha.

Wasichana wao hawapigani na mtu. Katika umushagiriro mikono hupanda, ikapinda, ikakaa juu: hizo ni pembe za inyambo, ng'ombe wa kifalme wenye pembe ndefu kupita kiasi. Nendeni Nyanza, kwenye jumba la kale la mwami, mtawakuta wamechanwa manyoya na kupambwa kwa shanga, na wachungaji wao wakiwaimbia. Tazameni wanavyotembea, polepole, bila kuhangaika na yeyote. Mkirudi mtaelewa kwa nini mwalimu wa ngoma hupiga kelele msichana akiharakisha hatua.

Mbali sana, Marekani na Kanada, wenyeji wa asili wa nchi zile nao wana mikusanyiko yao ya ngoma, pawau. Wapigaji huketi kuizunguka ngoma moja kubwa, wakaipiga wote huku wakiimba. Wanaume wengine huvaa kichwani kishungi cha nywele za nungunungu. Na kuna gauni lililoshonewa vikoni vingi vya bati, vinavyolia kila hatua. Waojibwe, mojawapo ya makabila hayo, husimulia kwamba lilianza miaka ile ya mafua makubwa ya 1918, baba alipoota ndoto ya kumponya binti yake kwa ngoma. Kumbe hata huko wanajua kwamba mguu unapaswa kusikika.

Turudi kwetu. Desemba 2024 UNESCO iliiandika ngoma ya intore katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Sherehe tulifanya. Lakini orodha haifundishi mtoto kukanyaga. Hiyo ni kazi ya Jumamosi, uwanjani, na vumbi.

Najua kuna msichana hapa anataka kuniuliza kuhusu ngoma zenyewe. Zamani mwanamke hakuruhusiwa kuzigusa. Ngoma ilikuwa ya mwami, na wapigaji wake walikuwa wanaume. Ndipo mwaka 2004, kule Butare, Odile Gakire Katese akakusanya wanawake, akawapa vijiti, wakaunda Ingoma Nshya. Wengine walinung'unika. Wao wakaendelea kupiga, na wamepiga hata ng'ambo.

Basi wewe uliyenyoosha mkono, njoo hapa mbele, shika vijiti viwili. Hii ndogo yenye sauti kali ni ishakwe, ndiyo inayoshika mwendo. Zile kubwa zote zinaisikiliza. Anza taratibu, na wavulana wakilalamika kwamba unawakimbiza, usipunguze.