Viti vya Stratford

Tarehe 9 Agosti 2012, katika uwanja wa Olimpiki wa Stratford, mashariki mwa London, David Rudisha wa Kenya alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Siku ile macho yetu yote yalikuwa miguuni pake. Leo naomba tuvitazame viti vilivyoizunguka njia aliyokimbilia, maana vimebeba somo la bajeti ambalo meneja yeyote, wa kiwanda au wa duka la jumla, analihitaji.

Uwanja ule ulijengwa kwa watazamaji 80,000, ukikusudiwa kupunguzwa baadaye hadi 25,000 na kuachiwa riadha. Njiani mpango ukabadilika: uwe wa mpira wa miguu, na njia ya riadha ibaki palepale. Sasa shabiki wa mpira anataka kukaa karibu na chaki, na njia ya kukimbilia inamsukuma mbali. Ikaamuliwa viwekwe viti vya kusogezwa. Katika makadirio, kazi ya kuvisogeza iliandikiwa pauni 300,000 kwa mwaka. Ilipofanywa kweli, ilikula mamilioni. Vile viti havikuteleza kama droo ya kabati; majukwaa yalifunguliwa vipande vipande, yakabebwa, yakafungwa upya, na vibarua wakilipwa siku zote hizo. Aliyeandika ile 300,000 alilikadiria neno “kusogeza”. Kazi yenyewe hakuikadiria.

Kuugeuza uwanja kuligharimu pauni milioni 323. Klabu ya West Ham ikahamia mwaka 2016 kwa mkataba wa miaka 99, kodi ikiwa kama pauni milioni 2.5 kwa mwaka. Zigawe kwa mechi 19 za nyumbani za ligi: unapata kama pauni 132,000 kwa mechi. Katika fedha hizo mwenye uwanja alipaswa kulipa walinzi, usafi na mengine mengi ya siku ya mchezo. Hazikutosha. Ripoti ya wakaguzi iliyoagizwa na Meya wa London, Sadiq Khan, ikatoka Desemba 2017, ilionyesha uwanja unaelekea kupata hasara ya takriban pauni milioni 20 kwa mwaka. Halmashauri ya Newham, ambayo Stratford imo ndani yake na wakazi wake wengi ni watu wa kipato cha chini, ilipoteza pauni milioni 52 ilizoweka humo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Chukua mfano wa ukumbi wa harusi. Kodi ya kiwanja na mshahara wa mlinzi wa usiku utalipa hata ukumbi ukiwa mtupu. Hizo ni gharama za kudumu. Dizeli ya jenereta, wafagiaji na maji huja na kila harusi. Ukimtoza bwana harusi shilingi 600,000 na siku yake ikakugharimu 700,000, wateja wengi ni hasara nyingi, na hakuna tangazo la redio litakalokuokoa. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa kuusoma ni huu: siku moja ya kazi inaingiza nini na inatoa nini. Faida ya mwaka huanzia hapo.

Kuna upande wa pili, na haki yake isemwe. Mwaka 2005 Michezo ya Olimpiki yenyewe ilikadiriwa kugharimu pauni bilioni 2.4, bila kodi ya ongezeko la thamani na bila gharama kamili za usalama. Mwaka 2007 hesabu ilifanywa upya ikafika bilioni 9.3, zikiwemo kama 2.7 za dharura. Wengi walikasirika. Mwishowe zikatumika kama 8.8, kwa kuwa safari hii kila kitu kilikuwa kimeandikwa.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na viwanja vinajengwa. Wahusika watuonyeshe bajeti ya kuviendesha hadi 2037, pamoja na ile ya kuvijenga.