Rejeta Haipati Moto: Baridi Imekaa Upande Gani?

Oktoba inapoingia Uingereza, mifumo ya kupasha nyumba joto iliyozimwa kiangazi chote huwashwa tena, na malalamiko huanza siku hiyohiyo: sebuleni kumekolea joto, lakini rejeta ya chumba cha watoto haishtuki. Wengi hukimbilia themostati ya ukutani na kuipandisha. Sebule huzidi kuwaka, bili ya gesi hupanda, na rejeta ile hubaki vilevile. Wengine huagiza rejeta mpya, wakati iliyopo haina kasoro yoyote.

Njia iliyo bora haihitaji hata spana mwanzoni. Baridi haikai popote tu kwenye rejeta. Mahali ilipokaa ndipo panapotaja kasoro. Anayejua kusoma mahali hapo ataokoa fedha, na atajua kipi anakiweza mwenyewe na kipi ni cha fundi.

Tuanze na mzunguko wenyewe. Nyumba nyingi za Uingereza hutumia boila ya gesi. Boila hupasha maji, pampu huyasukuma kwenye mabomba, nayo huingia kila rejeta kwa upande mmoja, huacha joto lake chumbani, kisha hutokea upande wa pili na kurudi kwenye boila yakiwa yamepoa kiasi. Ni kazi ileile ya rejeta ya gari, ila ile hulitupa joto nje na hii hulimwaga ndani. Kwa hiyo rejeta hukosa moto kwa njia tatu: maji hayaingii, yanaingia lakini hayaenei, au yanaingia machache mno.

Swali la kwanza ni je, ni rejeta moja au ni zote? Zikiwa zote ni baridi, rejeta hazina kosa. Angalia saa ya kuwashia, themostati na boila yenyewe. Boila za kisasa zisizo na tangi darini huwa na geji ya presha, ambayo kwa kawaida husoma kati ya bar 1 na 1.5 mfumo ukiwa umepoa. Ikishuka sana, boila nyingi hukataa kuwaka mpaka maji yaongezwe, polepole, kwa kufuata kijitabu chake. Ukiongeza leo na wiki ijayo imeshuka tena, maji yanavuja mahali au kuna kifaa kimechoka ndani. Usiendelee kuongeza tu, mwite fundi.

Zikiwa za ghorofani ndizo baridi na za chini zina moto, shuku hewa, au, katika mifumo ya zamani, tangi dogo la darini lililokauka. Zikiwa za chini ndizo baridi, shuku pampu iliyopungukiwa nguvu.

Ikiwa ni moja tu, washa mfumo, subiri kama nusu saa, kisha iguse kwa tahadhari, kwa nyuma ya kiganja na kwa haraka, maana maji yanaweza kuwa na nyuzi 60 au zaidi. Gusa sehemu nne: bomba la kushoto, bomba la kulia, juu, na chini katikati.

Rejeta nzima ikiwa baridi ilhali bomba moja lina moto, maji yamezuiwa mlangoni. Mara nyingi mlango huo ni vali yenye kichwa kilichoandikwa namba, kwa kawaida 1 hadi 5. Ndani ya kichwa kuna nta au kimiminika kinachotanuka chumba kinapopata joto na kukandamiza kipini kidogo kinachofunga maji. Kipini kilichokandamizwa kiangazi kizima huweza kung'ang'ania chini. Fungua kichwa mpaka namba ya juu kabisa, legeza pete inayokishikilia kwenye vali, kitoe, utakiona kipini. Kikandamize taratibu kwa kitu bapa: kizima hurudi juu chenyewe milimita chache. Kisiporudi, gonga ubavu wa vali kidogo, tia tone la mafuta ya kulainisha, kandamiza na kuachia mara kadhaa. Usikivute kwa koleo, wala usilegeze nati iliyo chini yake, kwani maji ya moto yanaweza kukurukia. Kinga yake ni rahisi: kiangazi, acha vali hizi wazi kabisa.

Kama kipini ni kizima, chungulia vali ya upande wa pili, iliyofunikwa kifuniko cha plastiki. Aliyepaka rangi ukutani huenda aliifunga ili atoe rejeta, kisha akasahau kuifungua.

Juu kukiwa baridi na chini kukiwa moto, kuna hewa. Hewa hupanda na kukalia nafasi ya maji. Zima mfumo, acha upoe, weka kikopo na kitambaa chini ya tundu lililo pembeni juu, kisha zungusha ufunguo wake robo au nusu mzunguko kuelekea kushoto. Utasikia mlio wa hewa ikitoka. Yakianza kutoka maji, funga mara moja. Baadaye rudi kwenye geji ya boila, kwa kuwa kutoa hewa hushusha presha. Na kama hewa inarudi kila baada ya wiki chache, jihadhari: chuma kinachoshika kutu ndani ya mfumo huweza kuzalisha haidrojeni, gesi inayowaka. Usiitoe karibu na sigara au mshumaa.

Juu kukiwa moto na chini katikati kukiwa baridi, hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu hutoa hewa tena na tena bila nafuu. Hilo ni tope jeusi la kutu ya chuma. Ni zito, hutuama chini na kuyafanya maji yapite juu yake. Dalili yake nyingine ni maji meusi yanayotoka tunduni. Fundi ataitoa rejeta na kuisafisha nje kwa mpira wa maji, au ataosha mfumo mzima kwa mashine. Kazi haijaisha hapo: aongeze dawa ya kuzuia kutu, na ikiwezekana afunge kichujio chenye sumaku. Bila hayo tope litarudi.

Mwisho kuna rejeta iliyo vuguvugu kote, hasa ya mbali na boila. Hii si mbovu. Maji hufuata njia nyepesi, na rejeta za karibu huyachukua kabla hayajaifikia. Punguza vali zenye kifuniko cha plastiki kwenye zile za karibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukiandika hesabu ili uweze kurudi ulikotoka, na uupe mfumo muda kabla ya kupunguza tena.

Mpaka wa kazi ya mwenye nyumba uko kwenye kasha la boila. Kisheria, kazi ya gesi nchini humo hufanywa na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register pekee. Ukisikia harufu ya gesi, toka nje na upige 0800 111 999.

Mpangaji naye asinyamaze. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba nyumba katika nchi za baridi zisishuke chini ya nyuzi 18 za Selsiasi, na chumba kisichofika hapo huumiza kwanza watoto, wazee na wenye pumu. Kwa England, kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 1985 humtaka mwenye nyumba atunze na kutengeneza vifaa vya kupasha joto. Mpangaji aliye mgeni nchini humo asidhani kudai hilo ni utovu wa adabu. Aandike ujumbe, autie tarehe, na asiishie kusema "kuna baridi". Aseme: "Rejeta ya chumba cha nyuma ina moto juu, chini ni baridi, hewa nimetoa, yametoka maji meusi." Kwa maneno hayo mwenye nyumba hana pa kujificha, na fundi anajua abebe nini kabla hajaondoka kwake.