Vinasaba vya mama na kinga dhidi ya kifafa cha mimba

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ukiwahusisha wanawake wa Uganda, ulibaini kuwa vinasaba vya mama huchangia kumkinga na hali inayotangulia kifafa cha mimba.

Ujauzito unapoanza, seli za kinga zilizomo katika mji wa mimba hukutana na seli za kondo la nyuma, zinazobeba pia vinasaba vya baba. Seli hizo za kinga zikizuiwa kupita kiasi, mishipa ya damu haitanuki ipasavyo na kondo hukosa damu ya kutosha. Baadhi ya wanawake wa Kiafrika wamerithi vinasaba vinavyoziamsha.

Kwa kuwa vinasaba havichaguliwi, mjamzito anahimizwa kuwahi kliniki apimwe shinikizo la damu na mkojo kila hudhurio.