Vilima vya Mvua Kaskazini ya Makutupora

Anayetoka Dodoma mjini kwenda Kondoa hupita Makutupora bila hata kupunguza mwendo. Huona mashamba ya zabibu, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na tambarare yenye vumbi, akaamini hapana cha kutazama. Lakini chini ya tambarare hiyo ndiko yaliko maji ambayo mji wa Dodoma umeyanywa kwa miongo mingi, yakivutwa kutoka visima vya Mzakwe. Kina cha maji hayo kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo vimefichua jambo ambalo mkulima wa Kigogo asingelishangaa: mvua za kawaida haziyajazi. Maji hushuka msimu baada ya msimu, kisha hupanda ghafla zinapokuja mvua za kupindukia, kama zile za El Niño ya 1997 na 1998. Ni nchi inayoishi kwa kungoja. Ndiyo maana naona ni kosa kuvitangaza vivutio vya ukanda huu kimoja kimoja, kana kwamba ni vitu vya kabatini. Kinachoviunganisha ni mvua, na wenye kuielewa zaidi ni wale ambao bado wanaiombea.

Ukiifuata barabara hiyo hadi kupita Kondoa mjini, unafika Kolo, kwenye milima ya Irangi. Hapo miamba mikubwa imeinama kama mapaa, na chini yake kuna michoro iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mwaka 1951. Ya zamani ni ya rangi nyekundu: twiga, tembo, na watu wembamba, warefu kupita kawaida, vichwa vyao vimevimba kama waliovaa kitu. Juu yake, mahali pengine, kuna michoro ya baadaye ya rangi nyeupe, iliyopakwa kwa kidole bila haraka ya kupendeza. Mungumi wa Kolo, pango linalojulikana kuliko yote, si makumbusho. Wazee wa Kirangi wamekuwa wakifanya matambiko humo, ya mvua na ya uganga.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Wahifadhi husema pombe na mafuta ya tambiko yakirushwa mwambani huharibu michoro, na hoja hiyo ina uzito. Rangi iliyofutika hairudi. Wengine huongeza mfano wa HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1973. Makorongo mekundu yalikuwa yameichana Irangi, mifugo ikaondolewa mwaka 1979, na miti ikachipua tena. Kama ng'ombe waliweza kuondolewa, kwa nini wazee wasiweze? Kwa sababu nyasi hurudi ng'ombe akiondoka, ila tambiko likiondoka hakuna kinachoota mahali pake. Isitoshe, Mungumi wa Kolo limechimbwa na watu waliosaka mali wanayodai Wajerumani waliifukia, na pango lisilo na mwenyewe ndilo linalomfaa mchimbaji. Mzee mwenye sababu ya kupanda kule kila ukame ni mlinzi asiyelipwa mshahara.

Wapo pia wanaouliza nani ataacha Serengeti aje kutazama miamba. Swali limekosewa. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati imekamilika, na wanaokwenda Tarangire kutoka Dodoma wanapita Kolo wapende wasipende. Hakuna haja ya kumgeuza mtu njia. Ni kumshawishi asimame kwa muda wa saa tatu. Asimame kwanza Makutupora aelezwe kilicho chini ya miguu yake, ndipo apande Kolo akiwa na kiongozi mzaliwa wa hapo, na siku ya tambiko akute njia imefungwa, aambiwe sababu.